Bonde na Jina Lake

Jioni moja tulikuwa tukiwasomea vijana wetu kitabu cha J. R. R. Tolkien, yule Mwingereza Mkatoliki aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza miaka ya 1954 na 1955, lakini sisi tulikuwa na tafsiri ya Kifaransa. Tukafika mahali ambapo Frodo, aliyechomwa kisu na adui, apelekwa kuponywa katika bonde lililofichika milimani, nyumbani kwa Elrond. Kifaransa chaliita Fondcombe. Nasi tukafasiri upesi: «Bonde la Chini».

Mzee mmoja alikuwa akisikiliza mlangoni. Akauliza: «Mwalimu, liko bonde la juu?» Vijana wakacheka, nasi tukaona haya.

Kesho yake tukaanza kutafuta. Tolkien alikuwa mwalimu wa lugha huko Oxford, akawatungia wenyeji wa bonde lile lugha yao wenyewe. Wao huliita Imladris, yaani bonde la kina lenye mpasuko. Jina la Kiingereza, Rivendell, lina maana hiyohiyo: bonde lililopasuka. Mfasiri wa Kiswidi aliandika Vattnadal, bonde la maji. Tolkien akasema hilo ni kosa: yaonekana mtu yule alidhani jina latoka katika neno la mto. Mjerumani aliandika Bruchtal, akashika maana. Tafsiri mpya ya Kifaransa nayo yasema Fendeval. Ndani yake twasikia neno la kupasua.

Tena mpasuko huo si pambo tu. Elrond aliingia humo wakati wa vita, pamoja na watu waliosalia. Msafiri haoni bonde kwa mbali. Hufika ukingoni ghafula, ndipo aonapo taa chini. Mwenye kulifuta neno «mpasuko» amefuta sababu ya watu wale kupona.

Tukamrudia mzee, tukamweleza yote. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: «Tulipokimbia vita, mimi na watoto tulilala siku tatu katika ufa wa mlima. Waliotutafuta walipita juu yetu.»

Ufa! Tangu shuleni twajua ya kuwa maziwa yetu, Tanganyika na Kivu, yamo katika Bonde la Ufa. Neno tulilolitafuta katika lugha za Ulaya lilikuwa chini ya miguu yetu, na mzee yule alikuwa amelala ndani yake.

Jioni ile tulisimama mbele ya vijana, tukakiri kosa letu, tukasoma upya: «Bonde la Ufa». Safari hii hakuna aliyecheka. Basi, ndugu mnaofasiri, msiandike jina kabla ya kuuliza maana yake, na msimwonee haya anayesikiliza mlangoni.