Jina Kwenye Karatasi

Mume wangu alipofariki mwaka 2017, biashara yetu ilizikwa naye. Tulikuwa tukinunua karoti na vitunguu kwa wakulima wa hapa Nyakiriba, Rwanda, na jirani zetu wa Kanama, tukavivusha mpaka hadi Goma, Kongo, na miaka yote karatasi zilikuwa na jina moja tu: lake. Namba ya mlipa kodi yake, akaunti yake, na wateja wa Goma waliandikwa kwenye daftari kuwa wanadaiwa na yeye. Nilipokwenda kuuliza nitaendeleaje, ofisa alinitazama kwa huruma. “Pole sana, mama. Hii ni biashara ya mtu binafsi. Mwenyewe akiondoka, nayo imeondoka.”

Ajabu ni kwamba shamba halikunisumbua hata kidogo. Serikali ilipoandikisha ardhi nchi nzima, kati ya 2009 na 2013, sisi tuliofunga ndoa ya serikali tuliandikwa wote wawili kwenye hati moja. Watu wakisikia mjane hudhani kilio chake ni ardhi. Kilichonipotea mimi ni mtaji uliokuwa barabarani. Akaunti yake, iliyokuwa imezuiwa, ilifunguliwa baada ya cheti cha kifo, barua za ofisi ya sekta na kikao cha ukoo, na kufikia hapo msimu ulishapita. Madeni ya Goma niliyadai kwa mdomo. Wenye utu walilipa. Mmoja aliniambia, “Shemeji, mimi nilikopa kwa marehemu,” akageukia wateja wake.

Nikarudi kwenye beseni kichwani, nikipanga foleni alfajiri kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière pamoja na maelfu ya wenzangu. Mtaji ulikuwa umeanza kurudi, ndipo mpaka wa nchi ukafungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita. Watembea kwa miguu, hapana.

Karoti iliyooshwa haisubiri. Zetu tunazikanyaga kwa miguu ndani ya maji hadi zing'ae, tunazifunga kwenye magunia zikiwa bado zinachuruzika. Siku ya pili zimelegea, siku ya tatu zina madoa meusi na mnunuzi hazishiki. Kwa hiyo tulichanga magunia, wanawake tuliozoeana mpakani, tukajaza lori moja la Fuso. Hapo likazuka lile swali langu la zamani. Shehena moja, nyaraka moja: mwenye mzigo ni nani? Wenzangu walitaka liandikwe jina langu kwa sababu najua kusoma Kifaransa kidogo. Nilikataa. Malipo yangeingia kwangu, na nikifa wangedai nini, kwa nani? Tukasajili ushirika. Shirika la serikali linalosimamia vyama vya ushirika, RCA, likaupa utu wa kisheria, na tangu siku hiyo mzigo ulikuwa wa chama.

Ushirika ulitulisha, sitausema vibaya. Ila ndani ya ushirika kila mwanachama ana kura moja, mwenye magunia mawili na mwenye ishirini sawasawa. Nilipoleta wazo la kukopa tununue lori letu, wengi walikataa, na walikuwa na sababu: gawio la mwisho wa mwaka kwao ndilo karo ya shule. Wanne kati yetu tukaanzisha kampuni mwaka 2022 bila kutoka ushirikani. Chama kinakusanya mavuno, kampuni inasafirisha. Kuisajili kwa intaneti kwenye Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, hakukuwa na ada, na cheti kilitoka na namba ya kodi palepale. Kazi ilikuwa kukubaliana hisa. Tulibishana wiki kadhaa, na mimi sikutia sahihi mpaka katiba ya kampuni ilipotamka wazi kwamba mwenye hisa akifariki, hisa zinakwenda kwa warithi wake na kampuni inaendelea. Mauzo yalipovuka faranga milioni 20 kwa mwaka, tukalazimika kuweka vitabu kamili vya hesabu, na mhasibu naye anataka kula.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba kwenye kampuni hupotezi zaidi ya thamani ya hisa zako. Kisheria ni kweli. Lakini tulipokwenda kukopa fedha za lori, mkopeshaji hakuitazama kampuni changa mara mbili. Alitaka ardhi na sahihi zetu sisi wenyewe. Mfuko wa kudhamini mikopo wa BDF, ambao kwa wanawake na vijana hudhamini hadi asilimia 75 ya dhamana inayotakiwa, ulibeba sehemu kubwa. Iliyobaki niliijaza kwa shamba. Nyumba nilikataa katakata.

Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, benki za huko zikafunga milango, na fedha za wateja wetu zikanasa ndani. Tukachelewa kulipa mkopo. Barua ya deni ilikuja kwa jina la kampuni, na tulikwenda wote wanne kuomba muda. Tukapewa, kwa riba zaidi. Sasa lori linakwenda Kigali mara mbili kwa wiki. Bei ya huko ni ndogo kuliko ya Goma na mafuta yanakula faida, ila malipo yanaingia siku hiyohiyo. Shamba bado liko rehani.