Bima ya Askari, Bima ya Lori

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwenye lori Kariakoo hakuumiza kichwa akakate bima wapi. Duka lilikuwa moja tu: Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoanzishwa 1963, na ambalo tangu utaifishaji wa 1967 ndilo lililoshika biashara yote ya bima Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa na shirika lao tangu 1969. Mimi nilikuwa karani wa mjomba wangu, ambaye malori yake yalipakia Gerezani. Bima ikikaribia kuisha alinipa bahasha ya kaki yenye kadi za magari na noti zilizofungwa kwa mpira, nishuke nayo kwa miguu hadi Mtaa wa Samora. Nikimaliza niliteremka Magogoni, pale Feri, baba alikokuwa akichuuza samaki, nile kipande cha changu cha kukaanga kabla ya kurudi kazini.

Dirishani uliulizwa jambo moja: kubwa au ndogo? Bima ndogo humlipa mtu uliyemgonga, au mali yake. Lori lako likiharibika ni juu yako. Bima ndogo ndiyo inayolazimishwa na sheria, tangu enzi za Mwingereza. Bima kubwa inaongeza lori lenyewe: likigonga, likilala, likiungua, likiibwa. Kulikuwa na ya katikati pia, ya moto na wizi, lakini sikumbuki mtu wa Gerezani aliyeitaka.

Mjomba alikuwa na majina yake. Bima ndogo aliiita bima ya askari, kwa kuwa kazi yake, kwa maoni yake, ilikuwa kumridhisha trafiki wa Kibaha. Bima kubwa aliiita bima ya lori, na aliikata pale tu alipobanwa. Alikuwa mtu wa swala tano, na sheikh mmoja wa mtaani alishamwonya kwamba bima ina harufu ya kamari: unalipa, hujui utapata nini. Sidhani kama hiyo ndiyo ilikuwa sababu kubwa. Alikuwa bahili, Mungu amrehemu, na dini ilimpa maneno mazuri ya kuusema ubahili wake.

Isuzu TX yake ilipanda Iringa na sabuni, bati na vitenge vya Kariakoo, ikarudi na mahindi au viazi. Baada ya 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za nje, mizigo iliongezeka kuliko malori, na mjomba alipata Scania kuukuu yenye tela. Hapo ndipo mambo ya bima yalipoanza kuwa na kona. Kichwa kina namba yake ya usajili na tela lina yake. Kwa bima hayo ni magari mawili, na wengi walikatia kichwa bima kubwa, tela wakalivalisha ya askari.

Mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria mpya ya bima, soko likafunguliwa. Kabla muongo haujaisha, kampuni binafsi zilikuwa zimeingia mjini, na vibaraza vya Kariakoo vikajaa vijana wa tai na mikoba. Hawakusubiri uende Samora. Walikufuata kwenye mabanda ya kupakia, wakakaa juu ya magunia, wakanywa kahawa yako, wakakuandikia kava noti papo hapo kwa karatasi ya kaboni. Bei zilishuka kila wiki. Na kwa kuwa hii ni Kariakoo, bima nayo iliuzwa mali kauli: chukua stika leo, fedha utanipa lori likirudi kutoka Mbeya.

Tulifurahi. Mjomba aliyekuwa akiona uchungu kulipia dirisha moja, sasa alibembelezwa na watu watatu asubuhi moja. Lakini wale vijana hawakuwa na swali zaidi ya lile la zamani, kubwa au ndogo, na la pili: thamani tuandike ngapi? Hili la pili ndilo lililotuponza.

Ada ya bima kubwa ni asilimia ya thamani ya gari. Ukishusha thamani, ada inashuka. Wakala anajua, mwenye gari anajua, na kila mmoja anamkonyeza mwenzake. Scania ambayo sokoni ingeuzwa shilingi milioni 40 iliandikwa milioni 25. Mjomba alitoka kwenye mazungumzo yale akichekelea kama mtu aliyepunguziwa bei ya mbuzi.

Scania ile ililala Kitonga. Wanaoijua barabara ya Iringa hawahitaji kuelezwa: ule ukingo wa mlima, kona juu ya kona, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, malori yakipanda kwa gia ya kwanza na yanayoshuka yakinuka breki. Yetu ilikuwa inashuka na mahindi? Hapana, ilikuwa inapanda, imejaa mzigo wa Kariakoo, ikashindwa, ikarudi nyuma, tela likajikunja na kuvuta kichwa. Dereva na utingo waliruka, wakatoka na michubuko. Mzigo ulikombwa kabla askari hajafika.

Ni mimi niliyehangaika na makaratasi. PF 90, PF 93, PF 115, mchoro wa polisi, leseni ya dereva, makadirio ya gereji. Kampuni, ambayo nitaiacha bila jina, ilimtuma mtathmini wa hasara, bwana mpole mwenye miwani na kamera, akalizunguka lori kimya. Kisha akauliza maswali matano hivi, na kila moja lilikuwa mlango wa kutokea bila kulipa. Nani alikuwa kwenye usukani, dereva au utingo? Leseni ni daraja gani? Mzigo ulikuwa tani ngapi, na mizani inasemaje? Kulikuwa na abiria juu ya turubai? Mzigo ni wa mwenye lori au wa watu?

Swali la mwisho sikulielewa siku hiyo. Kumbe lori la kubeba mali ya mwenyewe na lori la kukodiwa kubeba mali za watu hayakatiwi bima moja. La pili linatembea zaidi, linabeba zaidi, na ada yake ni kubwa zaidi. Kwa bahati, kwenye kava noti yetu kijana wa tai alikuwa ameandika sawasawa. Jirani yetu wa Mtaa wa Swahili hakuwa na bahati hiyo. Lori lake liliandikwa la mali binafsi, kwa kuwa alikuwa na duka la nafaka, likapata ajali likiwa na mzigo wa kurudi wa mtu mwingine. Hakupata hata thumni.

Sisi tulilipwa, kwa hesabu hii. Uharibifu wa kichwa ulikuwa milioni 16. Kwa kuwa gari la milioni 40 lilikatiwa bima ya milioni 25, kampuni ilichukulia kwamba mjomba mwenyewe alikuwa mbia wa hatari kwa sehemu iliyobaki. Milioni 16 ikagawanywa kwa uwiano huo, ikawa milioni 10, kisha ikakatwa eksesi, ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujibebea mwenyewe. Mjomba aliona ameibiwa. Mimi, nikisoma mkataba kwa mara ya kwanza, niliona kila neno limeandikwa mle. Tela lilikuwa na bima ya askari, kwa hiyo halikupata kitu.

Mzigo ndio uliotuvunja. Bima kubwa ya lori hailipii kilicho ndani ya lori. Hilo hata leo nakutana na watu wazima Gerezani wasiolijua. Mzigo una bima yake, bima ya mizigo safarini, na unapaswa kujua kama umeikata wewe msafirishaji au ameikata mwenye mali. Hakuna aliyekuwa ameikata. Wenye vitenge na bati walikuja na risiti zao za mkono, wakakaa barazani kwa mjomba tangu alasiri hadi isha, bila fujo, wakisema tu, "Mzee, sisi tulikukabidhi wewe." Aliiuza Isuzu, na deni lililobaki akalilipa kidogokidogo kwa miaka.

Nilichojifunza kutoka kwenye mabaki ya Scania ile nilikitumia nilipoanza kazi yangu mwenyewe, na Kenta moja ya kupeleka samaki Morogoro na Dodoma. Ilikuwa baada ya soko jipya la samaki kufunguliwa pale Feri mwaka 2002, lililojengwa kwa msaada wa Japani, na Magogoni ikawa na barafu na sakafu ya kuoshwa. Samaki wana kona yao. Lori likianguka na samaki wakamwagika, bima ya mzigo inaweza kulipa. Lori likiharibika Chalinze, barafu ikayeyuka, samaki wakaoza mle ndani bila ajali yoyote, bima ya kawaida inakuacha na uvundo wako, kwa kuwa kuoza kwa kucheleweshwa kumeondolewa. Niliuliza hili kabla ya kulipa, na wakala alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Mambo yalikazwa polepole. Sheria ya Bima ya 2009 ilileta Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na mchezo wa mali kauli ukaanza kubanwa: ada kwanza, bima baadaye. Viwango vya chini vya ada viliwekwa, kwa hiyo yule wa kukupunguzia nusu ya bei ukawa na haki ya kumshuku. Stika za karatasi, zilizokuwa zikichapishwa vichochoroni hadi askari mwenyewe hawezi kutofautisha, zimepisha mfumo wa kielektroniki. Leo trafiki anaingiza namba ya gari kwenye simu na kuona kampuni, aina ya bima na siku inayoisha. Hata wewe unaweza kujikagua mwenyewe kwenye mfumo huohuo wa TIRA, na ningekushauri ufanye hivyo kabla hujatoka kwenye kibanda cha wakala.

Benki nazo zilifanya kile ambacho mawakala hawakuweza. Malori ya Kichina na yaliyotumika kutoka Ulaya yalipoanza kununuliwa kwa mkopo, mkopeshaji alitaka bima kubwa, thamani kamili, na jina lake kwenye mkataba kama mlipwaji wa kwanza. Vijana waliorithi mabanda ya Gerezani wanakata bima ya lori kwa sababu benki imewaamuru. Si haba. Ila wengi wanadhani benki imewachagulia yote. Benki imelinda fedha zake. Mzigo, dereva na utingo wako, na mapato yanayopotea lori likiwa miezi mitatu gereji huku marejesho yanadaiwa, hayo umeachiwa wewe.

Kwa wanaovuka Tunduma kuna kadi ya njano ya COMESA, iliyotokana na makubaliano ya 1986. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango huu, na ni heri. Kadi inafaa Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi na kwingineko, Msumbiji haimo. Madereva wengi wanaitembeza kama hirizi. Lakini kadi ya njano ni bima ndogo iliyopewa pasipoti: inamlipa Mzambia uliyemgonga Mpika, hailigusi lori lako wala shaba uliyopakia Kasumbalesa. Kama bima yako kubwa imeandikwa mipaka ya Tanzania, ukishapita Nakonde huna bima kubwa. Lazima uombe nchi nyingine ziongezwe, na uzione zimeandikwa kwa majina.

Halafu yakaja mambo ambayo hata wabishi waliyasikia. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Vijiweni kwetu wenye malori ya mafuta walianza kuulizana bima zao zina kikomo gani kwa hasara ya watu wengine. Miaka miwili baadaye, 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo likaungua usiku. Wafanyabiashara waliopoteza kila kitu bila bima walikuwa ni watu tunaowafahamu kwa majina, wale wale wanaotupa mizigo ya mikoani. Tangu hapo nimeona mwenye duka akimuuliza dereva, kabla hajapakia, "Mzigo wangu una bima, au una stika tu?"

Na kwa wale wenye wasiwasi wa mjomba, siku hizi TIRA inatambua takaful, bima inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, ambapo wanachama wanachangia mfuko wa kusaidiana na ziada ina utaratibu wa kurudi kwao. Angekuwa hai ningempeleka akakate, nione angepata kisingizio gani.

Kwa hiyo ukija Gerezani kukata bima ya lori, usianze na bei. Mwambie wakala lori linabeba mali ya nani, linafika nchi gani, nani anaendesha, na tela linatajwa wapi. Thamani iandikwe ile ambayo ungeliuza nayo leo. Kisha dai mkataba wenyewe, siyo stika, na usome kwanza ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Wakala akikwambia mkataba utaletwa kesho, mwambie na fedha utaileta kesho.