Mgeni na Mukanda Wake

Mtu akihamia nchi isiyo yake hana budi kujibu maswali mawili. La kwanza anaulizwa na serikali: Je, una ruhusa ya kukaa hapa? La pili anaulizwa na majirani: Wewe ni nani, nawe umekuja kwetu kwa nia gani? Wageni wengi hujibu moja na kuliacha la pili. Wako wanaoshinda ofisini mpaka wapate mhuri, wala hawalijui jina la mtu wa nyumba ya pili. Wako pia wanaopendwa na mtaa mzima, lakini wakimwona askari njiani mioyo yao huruka, maana hawana karatasi. Sisi tulitoka Mbeya, katika Tanzania, tukaja kukaa Kampemba, hapa Lubumbashi. Tumeona kwamba maswali hayo mawili huenda pamoja, na ndiyo sababu tumeshika kalamu.

Lubumbashi ni mji wa wageni tangu mwanzo wake. Ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville, na mwaka huohuo reli ya kutoka kusini ikaufikia. Jina la Lubumbashi liliwekwa mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 kwa ajili ya kuchimba shaba, ilitafuta watu wa kazi mbali sana: Kasai, Rwanda, na Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Nao walikuja na mikanda yao. Msomaji wa Tanzania asidhani ni mikanda ya kufunga kiunoni. Hapa Katanga mukanda ni barua, au karatasi yoyote iliyoandikwa. Siku za Wabelgiji, Mwafrika hakuweza kuhama kwao na kukaa mjini bila karatasi ya ruhusa. Basi mababu wa hao wanaotuuliza karatasi leo waliulizwa karatasi vilevile. Jambo hilo tulilikumbuka mara nyingi tulipokaa kwenye benchi tukingoja zamu yetu, nalo lilitupunguzia uchungu.

Kampemba ni mojawapo ya komini saba za mji huu. Ina viwanda na maghala, na ina mitaa ya watu, kama Bel-Air, Bongonga na Hewa Bora. Tulifika kwa njia ya malori, yaani Tunduma, kisha Zambia yote mpaka Kasumbalesa. Mmoja wetu ni fundi wa malori, na mwingine ni mshonaji wa nguo. Tulidhani lugha haitatusumbua, kwani Kiswahili tunacho. Lakini siku ya pili jirani alituuliza habari za bibi, nasi tukajibu kwamba bibi amebaki Mbeya, ni mzee sana, hawezi safari. Jirani akashangaa, maana bibi aliyemwulizia alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Hapa bibi ni mke. Ugali ni bukari, kisamvu ni sombe, na watoto ni batoto. Watu walicheka, nasi tukacheka nao, na tangu siku ile mlango wetu haukosi mtu wa kusalimu.

Sasa tuseme habari za karatasi. Mgeni anayetaka kukaa Kongo na kufanya kazi huomba viza ya makazi katika DGM, ndiyo idara ya serikali inayoangalia wageni na mipaka. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa sababu hiyo wengine hudhani kwamba mambo hayo yamekwisha. Sivyo. Kuruhusiwa kupita mpakani ni jambo moja, na kuruhusiwa kukaa na kufanya kazi ni jambo lingine. Tuliambiwa kwamba pamoja na pasipoti na karatasi za kazi, tulete cheti cha kuonyesha mahali tunapokaa. Cheti hicho hutolewa na komini. Tulipokwenda komini, tukaambiwa tuanze kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Naye shefu alitutazama kwa upole akauliza, "Katika avenyu yenu, ni nani anayewajua?"

Hapo ndipo tulipotambua kwamba njia yote ile ndefu, kutoka kwa shefu mpaka komini, na kutoka komini mpaka DGM, inaanzia mlangoni pa jirani. Kama hakuna mtu wa kusema, "Ndiyo, hawa wanakaa hapa," mihuri yote haina pa kusimama.

Kwa neema ya Mungu, mtu alikuwapo. Tulikuwa tumefika mwezi wa Oktoba, mwezi wa Rozari, na jumuiya ndogo ya Wakristo ya avenyu yetu ilikuwa ikisali kila jioni katika ua wa mama mmoja mzee. Tulikwenda tangu juma la kwanza, bila kuitwa. Hatukwenda kwa kutafuta shahidi. Tulikwenda kwa sababu nyumbani ndivyo tulivyozoea, na usiku wa ugenini ni mrefu. Mama huyo aliposikia neno la shefu, alijifunga kitenge chake kizuri akaenda nasi kwa miguu. Akasema mbele ya shefu, "Aba ni batoto bangu. Mi nabayua." Hakusema zaidi. Cheti tulikipata.

Lakini jaribu lilikuwa bado. Siku za ruhusa yetu ya kwanza zilikuwa zikipungua, na fedha za kulipia viza hazijatimia. Ndipo mtu mmoja akatujia jioni. Akasema, "Mnajisumbua bure. Nipeni fedha kidogo, nitawapatia kadi ya mpiga kura. Kiswahili mnacho, ni nani atakayejua?" Katika Kongo, kadi hiyo imetumika kwa miaka mingi kama kitambulisho cha raia, kwa hiyo anayeionyesha haulizwi viza. Usiku ule hatukulala. Siku tisa zilikuwa zimebaki, na watoto wetu wawili walikuwa wameanza shule.

Tuliyatafakari yaliyomo katika kadi ile. Ingetupasa kuandika kwamba tumezaliwa mahali tusipopazaliwa, na kwamba wazazi wetu ni watu wengine. Maana yake tungemkana baba na mama yetu kwa maandishi, ili tupate kukaa. Amri ya nne ingevunjwa pamoja na ya nane. Tena, yule mama aliyetushuhudia kwa kweli tungemfanya shahidi wa uongo, na tungewaletea mashaka raia wenyewe, kwani kila kadi ya uongo humfanya askari aitilie shaka kadi ya kweli. Asubuhi tulimjibu yule mtu kwamba hatutaki. Tukauza cherehani moja kati ya mbili tulizokuwa nazo, tukalipa, tukapewa risiti ya maombi kabla ya siku tisa kwisha. Viza yenyewe ilikuja baada ya miezi miwili. Cherehani ya pili hatujainunua hata leo.

Hata hivyo, mukanda peke yake haumlindi mtu. Wazee wa hapa wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, Wakasai wengi walipofukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walizaliwa papa hapa, na baba zao walichimba shaba hii. Walikuwa raia wa nchi hiyohiyo, wala hapakuwa na viza ya kuwauliza. Lakini majirani walipogeuka, karatasi hazikuwasaidia. Walilala kwenye vituo vya reli siku nyingi wakingoja treni ya kwenda Kasai, na wengine walikufa pale pale. Tunalitaja jambo hili kwa heshima, sisi tulio wageni, ili kusema tu kwamba serikali inaweza kumpa mtu ruhusa ya kukaa, bali kukaa kwa amani hupewa na jirani.

Bwana Wetu anayajua mambo haya. Kabla ya kuzaliwa kwake, Yosefu na Maria walifunga safari kwenda Bethlehemu kwa sababu serikali ya Kaisari ilitaka majina ya watu yaandikwe. Walikwenda wakaandikwa, ijapokuwa Mama alikuwa karibu kujifungua. Kisha wakakimbilia Misri, wakawa wageni huko, bila shaka wakitegemea wema wa majirani ambao hatujui majina yao. Baba Mtakatifu Pio XII, katika hati yake ya kitume *Exsul Familia* ya mwaka 1952, aliiweka Familia hiyo Takatifu mbele ya wahamaji wote iwe mfano na faraja yao.

Basi, ndugu mgeni, ukifika mahali papya, jionyeshe kanisani na kwa shefu wa mtaa mapema. Chukua cheti chako cha ubatizo, na barua ya padre wako wa zamani, maana Kanisa nalo lina vitabu vyake na hupenda kujua watoto wake wametoka wapi. Tunza pasipoti, andika siku ya mwisho wa viza mahali utakapoiona kila asubuhi, na uanze maombi mapema. Usikubali jina lisilo lako.

Nawe ndugu mwenyeji, usingoje mgeni abishe hodi. Huenda kesho shefu atauliza ni nani anayemjua, na neno lako moja litamtosha. Kumbuka kwamba siku ya mwisho Hakimu atatuuliza sisi sote kama tulimpokea alipokuwa mgeni. Mungu awabariki wote wanaokaa mbali na kwao, na wote wanaowafungulia mlango.