Chini ya mretemu

Mwenzetu wa kwaya alipoacha kuimba, sisi tulicheka: «Apelekwe Sosame!», yaani hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Bukavu. Jioni moja alituambia kwamba amechoka kuishi. Tukamjibu kwamba hana imani.

Twaona haya. Nabii Eliya mwenyewe, chini ya mretemu, aliomba afe. Malaika hakumkemea: alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamrudia mara ya pili.

Usiku ule ule nasi tulimrudia mwenzetu, wala hatukumwacha peke yake. Asubuhi tulimwambia mama yake, tukawasindikiza Sosame. Ndugu vijana, jina hilo halituchekeshi tena: ndiko mwenzetu alikopewa nguvu za safari.