Hawajaachana Jamani, Waligombania Usukani

Haya wadau, tulizaneni. Wiki mbili sasa DM yangu haipumui, kila mtu na swali lile lile: "wale wa kwenye boti wameachana?" Mshaona dada kafuta picha za pamoja, mshaona yuko kwao Jang'ombe anapika urojo na mama yake laivu, basi mkafunga kesi. Jina simtaji mtu hapa, utaratibu wetu mnaujua. Ila mie nilikuwepo, tena na spana mkononi, na ubuyu wenyewe ni huu: hawajaachana. Waligombania usukani.

Usukani kweli, ule wa boti.

Kwa wageni wa kona hii, hawa ndio wale waliouza kila kitu Dar wakanunua boti ya tanga ya futi 36, mtumba lakini safi, wakahamia humo humo. Ile mnayoiona imetia nanga mbele ya Forodhani jioni, jua linazama nyuma yake, mnaandika "couple goals" mpaka vidole vinauma. Kisichoonekana kwenye picha ni kwamba boti ya tanga inataka mtu ashike usukani muda wote. Uuachie dakika moja tu, inageukia upepo yenyewe na tanga linaanza kupiga kama mtu anakung'uta mkeka.

Autopailoti waliyoikuta kwenye boti ilikuwa maiti. Walipovuka kutoka Dar, kilomita kama 70, upepo wa mbele, kaka kichefuchefu kikamlaza chini tangu asubuhi. Dada kashika usukani peke yake saa tisa, juani, hata wa kumpa maji hakuna. Walipotia nanga tu Unguja akasema: "Mie si mashine." Akashuka, akachukua boda mpaka kwa mama yake. Picha alifuta usiku ule ule. Hasira hizo, nani hajawahi?

Sasa mpango wao ulikuwa kuteremka Mafia na Kaskazi, safari ya mchana na usiku wake. Dada akatoa sharti: haendi popote mpaka kuwe na kitu cha kushika usukani, na kitu chenyewe achague yeye. Ndipo akaitwa mjomba wangu, fundi wa umeme wa boti. Mie namshikia tochi tangu nimalize form four, kwa hiyo nikenda.

Kaka yetu alikuwa keshachagua YouTube. Kuna aina inayofungwa kwenye duara la usukani wenyewe, na mkanda wake unauzungusha. Rahisi, unafunga mwenyewe nusu siku, bei inavumilika. Mjomba akauliza kitu kimoja tu: "Boti yenu ina uzito gani?"

"Tani 6 na nusu, imeandikwa kwenye karatasi yake."

"Karatasi haibebi maji, mwanangu."

Dada akaanza kuhesabu kwa vidole. Matangi ya maji, dizeli, betri nne, nanga mbili na mnyororo wake, jenereta, kiboti cha kushukia, vyombo vya jikoni, mchele wa miezi miwili, na sabufa ya kaka (hiyo sabufa ikumbukeni). Ikafika karibu na tani 8. Ile ya mkanda ya Raymarine mwisho wake tani 7.5, na mjomba anasema ukishafika kwenye mwisho ushachelewa, uchague inayozidi uzito wako kwa nafasi ya kutosha. Hizo ndogo za kijiti cha kusukuma mkono wa usukani, kama ST2000, mwisho tani 4.5, tena ni za boti zisizo na duara kabisa. Hizo hatukuzigusa.

Kwani uzito una nini? Subirini. Upepo ukiwa nyuma, kama Kaskazi ukiteremka kusini, wimbi linakuja linanyanyua shetri na kuisukuma upande. Boti inataka kugeuka ubavu. Mtu anaihisi kabla na kuirudisha, lakini mashine inangoja mpaka dira iiambie imetoka njiani, ndipo ivute, na ivute haraka na kwa nguvu. Ikiwa dhaifu mkanda unateleza, na utateleza saa nane za usiku, hautateleza mchana mkiwa mnakula embe.

Dada yeye alikuwa kapenda ile ya bawa la upepo, inayoning'inia nyuma ya boti na haili umeme hata kidogo. Si kitu kipya. Mwingereza Francis Chichester alivuka nayo Atlantiki peke yake 1960 kwenye mashindano na akashinda, bawa lake akaliita Miranda. Lakini hiyo inafuata upepo. Upepo ukifa ukawasha injini, nayo haina kazi. Na shetri yao imejaa sola na kiboti, hapana pa kuifunga.

Ikabaki ya tatu: mkono wa mota unaofungwa chini ya deki na kusukuma chuma cha usukani moja kwa moja. Bei zaidi ya mara mbili ya ile ya YouTube. Kaka akanyamaza muda mrefu. Dada akauza dhahabu yake. Hapo, wanaume wenzangu, nilimuona kaka anatazama chini, na nadhani ndipo ule ugomvi ulipokwisha. Mengine yalikuwa kelele tu.

Kufunga kulichukua siku tatu. Mle nyuma mna joto la tanuri na unaingia kwa tumbo. Mkono ule unasukuma kwa nguvu nyingi, hauwezi kufungwa kwenye ubao mwembamba, utang'oka na bolti zake. Akaitwa fundi seremala, akachonga kipande cha mvule, kikagandishwa na faiba kwenye mwili wa boti, ndipo bolti zikapita. Waya mnene, kwa sababu mwembamba unapoteza umeme njiani na mota inachoka. Fyuzi yake peke yake.

Kisha dira. Autopailoti ina dira yake ya umeme, inataka kukaa chini, karibu na kati ya boti, mbali na chuma na sumaku. Mjomba akatembea na dira ya mkononi chumba hadi chumba akitafuta mahali. Kila alipofika chini ya kochi, sindano inacheza singeli. Akafunua: sabufa! Sumaku ya spika ile ni kubwa, na pale palikuwa mahali bora kuliko pote.

"Hiyo haitoki," kaka akasema.

"Basi usukani utashika wewe," dada akamjibu, hata hakunyanyua uso.

Sabufa ikatoka.

Umeme nao uliwapigisha hesabu. Ukikadiria ampea 4, usiku wa saa 12 ni ampea-saa 48, na betri za asidi si vizuri kuzinyonya zaidi ya nusu. Bahari ikichafuka inakula zaidi. Sie Waunguja tuliokaa miezi mitatu gizani, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, hesabu hii hatufundishwi. Betri ikaongezwa.

Asubuhi ya majaribio tulizunguka karibu na Changuu, duara baada ya duara, pole pole, dakika mbili na zaidi kila moja, mashine ijifunze chuma cha boti hii kinavyoivuruga dira. Abiria wa boti za watalii wakatupungia, nadhani walidhani tumelewa.

Tukapanda mpaka Nungwi, tukarudi usiku, Kaskazi nyuma yetu. Vitufe viwili dada alivijaribu mpaka akavijua gizani: AUTO na STANDBY, yaani shika na niachie. Boti ikanyooka yenyewe, duara la usukani linacheza peke yake kama lina jini. Kaka akapiga makofi. Dada hakukaa. Alisimama mbele anatazama maji, akaweka simu imlilie kila dakika 10.

Tukipita usawa wa Mangapwani, taa za wavuvi wa dagaa ziko mbali upande wa pwani, zinaonekana vizuri. Kisichoonekana kilikuwa mbele yetu: ngalawa moja, mtu mmoja, hana taa. Kitochi kikawaka mara moja na kuzimika. Mashine haijui ngalawa, ilikuwa inakwenda nyoofu juu yake. Dada kabonyeza digrii 10, akabonyeza tena, akabonyeza tena. Tukapita karibu mpaka nikamsikia yule mzee anakohoa.

"Shikamoo baba!" dada akapiga kelele, sauti inatetemeka.

"Marhaba, mwanangu. Washeni macho!"

Picha karudisha zote, nendeni mkaangalie. Juzi alfajiri wameng'oa nanga kuelekea Mafia, zamu za saa tatu tatu, mashine ikishika usukani na mtu akiwa macho kila saa. Sabufa iko chumbani kwangu, Kikwajuni. Kaka anasema ataifuata. Dada kanitumia ujumbe pembeni: uza. Anaeitaka aje DM, bei tunazungumza.