Daftari la Nyumba kwa Nyumba

Jumapili, 2 Machi 2025

Usiku wa jana risasi zilisikika kwa mbali, upande wa Kavimvira. Mtaani kwetu kimya. Kwa mji wetu wa Uvira, mwaka huu, hiyo ni habari njema. Tangu Bukavu ianguke mikononi mwa waasi katikati ya Februari na wanajeshi wa serikali kumiminika huku kwetu wakikimbia, watu hapa hawalali: mchana wanauza, usiku wanasikiliza. Waliovuka kwenda Burundi hawajarudi. Umoja wa Mataifa unahesabu zaidi ya 60,000, na wengi wamerundikana katika uwanja wa mpira wa Rugombo, mvua ikiwanyeshea.

Leo baada ya misa nimekaa na fomu za kazi. Zina safu moja ya tukio: vita, mafuriko, ubakaji, mengineyo. Unachagua moja, na pesa hufuata ulichochagua. Mimi ni msaidizi wa kisaikolojia, na nyumba nyingi ninazoingia zina yote manne chini ya bati moja. Mradi wa mafuriko ulikwisha zamani. Msaada wa Marekani ulisimamishwa Januari, ukaondoka na dawa pamoja na mishahara ya wenzetu. Basi naanza daftari langu mwenyewe, la nyumba kwa nyumba. Majina siandiki, daftari linaweza kuibwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kasenga, vyumba viwili vya kupanga, watu saba. Koko, bibi wa nyumba, ni mzaliwa wa Makobola, anakaribia miaka 80. Binti yake alikuwa na nyumba Mulongwe mpaka mafuriko ya mwaka 2020. Kuna kijana wa miaka 16, wadogo zake, na kitoto kichanga kinachonyonya.

Aliyenipeleka huko ni mtoto wa miaka 9. Tangu Februari amerudia kukojoa kitandani, na anachapwa. Mama yake hakuniambia hilo. Mtoto mwenyewe alipandisha kaptula akanionyesha paja. Nikasema, "Mama, mkojo huu si uchafu wala ukaidi. Mwili wake bado uko usiku ule wa risasi wa Februari." Akanitazama sana. "Na mwili wangu mimi uko wapi, dada? Mimi nani atanifulia?"

Ana haki ya kuuliza. Tukamwacha mtoto akacheze, tukakaa wawili.

Koko alikuwa mlangoni anachambua majani ya sombe. Analala na kandambili miguuni. Chini ya mkeka ameficha chumvi, kiberiti na sufuria ndogo. Nyumbani wanasema uzee umemwingia kichwani. Mimi namwona mtu mwenye akili timamu ambaye mwaka 1998 alikimbia vita bila chumvi.

Jumanne, 18 Machi

Mama wa Kasenga ananunua Valiumu tembe moja moja kwenye duka la dawa. Akimeza, hakisikii hata kile kitoto kikilia. Shirika la Afya Duniani liliandika tangu 2013 kwamba dawa za aina hiyo zisitumiwe kutuliza mshtuko wa tukio la karibuni katika mwezi wa kwanza, kwa mtu mzima wala kwa mtoto. Ni sawa, lakini mwongozo haumletei mtu usingizi, na ukimnyang'anya tembe lazima umpe kitu.

Tulichompa kwanza ni komeo. Mlango wao ulifungwa kwa kamba ya nailoni. Fundi wa jirani amepiga komeo, na nyumba tatu za uani zimepanga zamu: kila usiku mtu mzima mmoja anakaa macho, wengine walale wakijua hivyo. Mambo ya kuvuta pumzi taratibu na kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili tumeyafundisha baadaye. Kumfundisha mtu kupumua nyuma ya mlango usiofungika ni kumdhihaki.

Alhamisi, 17 Aprili

Alhamisi Kuu, na miaka mitano kamili. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani ukibeba mawe na magogo, ukapita katikati ya nyumba. Makumi ya watu walikufa, makumi ya maelfu wakabaki bila makao. Korona ilikuwa imeingia duniani na redio ikituambia tukae mbali mbali. Watu walikuwa wamelala madarasani bega kwa bega.

Nilikwenda Kasenga leo kwa makusudi. Tarehe zina nguvu mwilini hata kwa asiyetazama kalenda. Mwezi huu ni wa mvua kubwa, na wingu linapotanda juu ya Mitumba mama yule huanza kuharisha. Leo limetanda saa nane mchana. Alikuwa ananyonyesha. Tone la kwanza lilipogonga bati alimchomoa mtoto ziwani, akasimama, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akaanza kukusanya vitu. Hakuwa amesema neno. Mtoto alilia, akaacha, akanyamaza kabisa macho wazi.

Kituo cha afya kinampima huyo mtoto na kuandika kwamba hapandi uzito. Mama anaambiwa ale zaidi. Hakuna aliyemuuliza mvua inaponyesha anafanya nini. Mtoto hakuwepo duniani mwaka 2020, na mafuriko yale yanamfikia kupitia ziwa la mama yake.

Tulikaa mpaka mvua ikaisha. Sikumwomba asimulie. Mimi nilishika kitoto, mama akashika mikono ya Koko, naye Koko akawa anataja kwa sauti vinavyoonekana: ndoo ile, mbuzi yule, Baba fulani anapita na baiskeli. Hakufundishwa na mtu. Baadaye ndipo mama akasema mwenyewe, "Mimi siogopi mayi. Naogopa mawe. Yalikuwa yanagongana chini ya mayi, nilisikia kabla ya kuona." Halafu akataja jina la binti aliyepotea usiku ule. Mwili haukuonekana. Kilio kililiwa bila kaburi.

Usiku, nyumbani. Nimefikiria kuunda kikundi cha wanawake na nimeacha. Kikundi kipo: likelemba yao, upatu wao wa zamu, hukutana kila Alhamisi, wanaaminiana kwa pesa, na kwa Uvira hiyo ni imani kubwa. Nitaomba niingie humo. Najua inawezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika vijiji vya mashariki ya Kongo yetu hii, uliwafuata wanawake waliobakwa. Wasaidizi walikuwa wanawake wa hapa hapa, wengi bila shule kubwa, na wagonjwa wengi hawakujua kusoma, hivyo wakafundishwa kwa kukariri badala ya karatasi. Miezi sita baada ya vikao, waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vikundi vya tiba, na asilimia 42 kwa waliosaidiwa mmoja mmoja kwa ushauri wa kawaida. Namba hizo nimezibandika ukutani. Yeyote anayesema wanawake wetu wanahitaji kwanza chakula halafu ndipo "mambo ya moyo" nitamwonyesha. Na anayetaka kufanya mambo ya moyo bila chakula nitamwonyesha sufuria.

Jumatatu, 28 Aprili

Likelemba imekubali. Masharti yao mawili: hakuna kuandika wakati mtu anaongea, na hakuna anayelazimishwa kuongea. Ningeyaweka mimi mwenyewe.

Ijumaa, 6 Juni

Leo ni siku ya Mutarule. Mwaka 2014, usiku kama huu, zaidi ya watu 30 waliuawa pale katika bonde la Ruzizi, wengine wakiwa ibadani. Kijana wa Kasenga alikuwa na miaka mitano na hana habari nayo, ila amekua katika mji ambao kila mkubwa anaye wa kumkumbuka.

Sasa anataka kujiunga na wanamgambo wa Wazalendo. Hakunificha. "Mama, nikiwa na silaha sitaogopa tena." Nimesikia watu wakiwaita vijana hawa wahuni. Mimi nimeona vidole vyake: kucha zimetafunwa mpaka nyama. Februari alijificha chini ya kitanda na wadogo zake, na aibu ya kuwa chini ya kitanda inamuuma kuliko hofu yenyewe. Semina ya amani haitamtibu hiyo aibu. Anahitaji kufanya kitu kinachomfanya mwanaume machoni pake.

Nimemkumbuka daktari Mukwege. Wageni humjua kwa hospitali ya Panzi na tuzo ya Nobel ya 2018; sisi wa huku tunakumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa Lemera, hapa hapa katika teritwari ya Uvira. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Alianza upya Bukavu, na mwaka 1999 Panzi ikapokea wagonjwa. Kinachonigusa ni alivyopanua kazi yake. Alikuwa daktari wa upasuaji, angeweza kuishia kushona. Lakini mwanamke aliyeshonwa vizuri alirudi kwenye njia ile ile, kwa mume aliyemfukuza, bila shamba, na aliyemtenda akipita sokoni. Ndipo Panzi ikaunganisha mambo manne mahali pamoja: tiba ya mwili, tiba ya moyo, sheria, na njia ya kujikimu. Tumeuchukua mpango huo kwa wanawake waliobakwa, na ni haki. Kwa mvulana mwenye kucha zilizotafunwa hatuna hata moja kati ya manne.

Nilimwendea mjomba wake, mvuvi wa Kalundu. Anahitaji mtu wa kuvuta nyavu na kutunza taa za usiku. Kijana amekwenda. Atakaa? Ziwa nalo lina hatari zake, na wenye bunduki wanatoza watu njiani. Ila asubuhi amerudi na ndagala, akampa mama yake mbele ya wadogo zake, kisha akalala mchana kutwa.

Jumanne, 24 Juni

Kamba ya Koko.

Njia hii ya kamba ilijaribiwa mbali kidogo na sisi, katika kambi ya Nakivale, Uganda, ambako wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwatibu wakimbizi wenzao. Unatandaza kamba chini, ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Jiwe kwa kila baya, ua kwa kila jema, kwa mpangilio wa wakati. Halafu, siku nyingine, mnarudi kwenye kila jiwe polepole, mpaka lipate mahali na tarehe yake na kuacha kumrukia mtu kila saa.

Mawe yalitoka mto Kalimabenge, mjukuu ndiye aliyeyaleta. Maua Koko aliyakataa: "Ua linakauka. Nipe maharagwe." Akaweka haragwe kwa kuolewa kwake. Maharagwe mengi kwa miaka ya Makobola, kwa mihogo iliyokubali, kwa kila mtoto. Kisha akachukua jiwe kubwa kuliko yote, akalishika, hakuliweka. Nilimwambia hatulazimiki leo. Akasema, "Naliweka. Ni tarehe thelathini, mwezi wa kumi na mbili." Siku zile, kuanzia 30 Desemba 1998 mpaka 2 Januari 1999, waliuawa Makobola na vijiji jirani zaidi ya watu 800, kwa hesabu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa. Yeye alitaja wanne.

Binti yake alikuwa nyuma ya pazia. Alikuwa na miaka 17 wakati ule, na siku zote hizi kila mmoja alinyamaza ili asimuumize mwenzake. Alitoka, akachukua jiwe lake, akaliweka pembeni ya lile la mama yake bila kugusana, akasema alikuwa wapi saa ile. Koko hakuwa anajua. Sitaandika walichoambiana.

Ncha ya kamba huachwa imeviringishwa, ni siku ambazo hazijafika. Koko aliitazama akasema kamba ni ndefu mno kwa mzee, mtoto ashike. Yule wa miaka 9 akaishika, kisha akauliza kama anaweza kuweka haragwe mwenyewe. Aliweka mawili: la mpira wake, na la usiku ambao kitanda kilikuwa kikavu.

Hakuna mradi wa wazee mjini hapa. Watu wa umri wake wanahesabiwa kama midomo ya kula.

Jumatano, 13 Agosti

Leo ni siku ya Gatumba, Burundi, mwaka 2004. Kambi ya wakimbizi hatua chache kutoka mpaka wetu, zaidi ya watu 150 wakauawa usiku, wengi Wabanyamulenge waliokuwa wamekimbia kutoka huku. Kundi la waasi wa Burundi, FNL, lilikiri kuhusika. Mimi ni Mufuliiru, na nilikua nikisikia tarehe hiyo ikipita kama siku ya soko. Naandika leo kwa sababu siwezi kuzunguka mjini nikisema natibu majeraha nikiwa nachagua ya nani.

Katika likelemba ya Kasenga alikuwemo Munyamulenge mmoja, muuza kitenge. Alivuka mpaka Februari kwa kuogopa majirani zaidi ya risasi. Zamu yake ya kupokea pesa ilifika wiki iliyopita. Mmoja akasema zigawanywe, kwani hatarudi. Zogo likazuka, na maneno ya mtaani yakaingia chumbani, yale ambayo siku hizi yanamfanya mtu auawe.

Nilichora chini miti miwili, kama wanavyofanya katika semina za uponyaji ambazo Waquaker walizianzisha Rwanda na Burundi miaka ya mwanzo ya 2000: mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, kila mmoja na mizizi na matunda yake. Kwenye mizizi ya ule wa kwanza waliweka njaa, uvumi wa simu, na wafu wasiozikwa. Mama wa Kasenga ndiye aliyeongea mwisho: mwenzao alichanga bila kukosa wiki hata moja, na asiyekosa analipwa. Wawili waliondoka kwa hasira. Waliobaki walimtumia pesa zake kwa simu, Bujumbura. Wale wawili sijui kama watarudi Alhamisi. Nitawapitia nyumbani kabla.

Ijumaa, 22 Agosti

Mwenzangu wa Kavimvira amelia ofisini. Amesikiliza watu tangu Februari bila mtu wa kumsikiliza yeye, na mshahara haujaja. Tumekubaliana kukutana Ijumaa wasaidizi peke yetu, bila fomu, tupike mukeke na tuongee au tusiongee.

Ya wiki ijayo. Kupima tena kitoto cha Kasenga, na muuguzi aandike mvua kwenye kadi yake. Komeo kwa nyumba mbili za Nyamianda. Shule zinafunguliwa Septemba: nimwone mwalimu wa yule wa miaka 9, nimwombe asimkalishe karibu na mlango wa bati unaojigonga kwa upepo, na amruhusu kutoka bila kunyoosha mkono.