Wosia kwa wajukuu zangu wa Iowa

Wajukuu zangu wapendwa,

Nawaandikia nyote mlioko Des Moines, Cedar Rapids na kila mji wa jimbo hili ambako Kiswahili chetu husikika kanisani Jumapili, na alfajiri zamu ya usiku inapotoka kiwandani. Nguvu zinaniishia, nanyi mnaona. Mali ya kuwagawia sina. Ninalowaachia ni neno, nalo lishikeni: mtu huhukumiwa kwa alilotenda. Sheria inayomfanya mtu mhalifu kwa kukutwa tu mahali alipo, msiikubali, hata kama leo haiwagusi ninyi.

Mwaka 2010 jimbo la Arizona lilipitisha sheria iliyoitwa SB 1070. Mgeni kukosa hati za uhamiaji kukawa jinai ya jimbo, na kutafuta kazi bila ruhusa vilevile. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2012 vifungu hivyo vikafutwa. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba, kwa kawaida, mgeni anayestahili kuondolewa nchini hatendi jinai kwa kuendelea kuwepo tu. Tusidanganyane: kuvuka mpaka kwa kificho ni kosa katika sheria ya taifa. Lakini aliyeingia kwa viza halali ikamwishia, hilo peke yake ni jambo la uhamiaji. Anaweza kurudishwa kwao, ila hahukumiwi kifungo cha jinai kwa hilo. Na uhamiaji ni kazi ya serikali ya taifa.

Alabama haikungoja hukumu hiyo. Sheria yake ya 2011, HB 56, iliagiza shule ziulize hali ya uhamiaji ya watoto wanaoandikishwa. Wazazi wakaogopa, madawati yakabaki matupu, na nyanya zikaoza mashambani kwa kukosa wachumaji. Haya yalitokea ingawa tangu 1982, katika kesi iliyotoka mji wa Tyler, Texas, Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua kuwa mtoto asiye na makaratasi hanyimwi shule ya umma.

Kisha likaja wimbi jipya la sheria za majimbo dhidi ya wasio na makaratasi: Texas Desemba 2023, Iowa na Oklahoma Aprili 2024, Florida Februari 2025. Oklahoma ilitaka mtu asiye na ruhusa ya kuwepo nchini, baada ya kuhukumiwa, atoke jimboni ndani ya saa 72. Hapa kwetu Iowa, aliyewahi kufukuzwa nchini au kukataliwa kuingia angefungwa hadi miaka 2 kwa kukutwa tu jimboni, hata kama baadaye serikali ya taifa ilimruhusu kurudi. Sheria hiyo ilikuwa ianze Julai 1, 2024. Jaji wa serikali ya taifa akaisimamisha wiki mbili kabla.

Wanaotunga sheria hizi wana hoja yao, nanyi isikilizeni. Wanasema serikali ya taifa imeshindwa kulinda mpaka. Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake. Sisi wa Kivu, kule Congo, ambao mwaka 1996 mpaka wetu ulivukwa na majeshi, hatuwezi kusema vingine. Ila kulinda mpaka ni jambo moja, na kumwinda jirani barabarani, sokoni na kazini ni jambo lingine.

Angalieni yaliyotokea Florida Aprili 2025. Kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Georgia, alikuwa abiria ndani ya gari akienda kazini. Gari likasimamishwa, akakamatwa kwa sheria ile mpya, ambayo wakati huo jaji alikuwa ameshaizuia. Lugha yake ya kwanza ni Kitzotzil, ya watu wa Maya. Mama yake akapeleka mahakamani cheti chake cha kuzaliwa. Jaji akakishika, akakiinua kwenye mwanga, akaona alama ya siri ya karatasi halali. Ni raia, na bado alikuwa amewekwa rumande. Sheria ikishalenga kuwepo kwa mtu, askari atatazama sura na kusikiliza lafudhi, maana hana kingine cha kupima. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Haya nayajua tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Nilitoka na jembe begani kwenda kulima kibarua kijiji cha jirani, watoto wapate mboga. Waliponishika hawakuuliza nimeiba nini wala nimempiga nani. Waliuliza, “Kibali kiko wapi?” Nililala sakafuni pamoja na mwizi wa ng’ombe. Yeye alijua alichofanya. Mimi kosa langu lilikuwa kuonekana upande wa pili wa barabara.

Sasa nawausia.

La kwanza, tunzeni makaratasi yenu. Mkimbizi akitimiza mwaka anatakiwa aombe ukaazi wa kudumu; msichelewe. Mwenye kadi ya ukaazi aliyefikisha miaka 18 lazima atembee nayo.

La pili, msiseme uongo. Kudai uraia usio nao, au kupiga kura kabla hujaapishwa kuwa raia, kunaweza kukufungia mlango moja kwa moja.

La tatu, ukisimamishwa usikimbie wala usigombane. Una haki ya kunyamaza na kuomba wakili. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Dai mkalimani wa Kiswahili. Shida ya uhamiaji ipelekeni kwa wakili wa kweli, msiipeleke kwa mjanja anayejaza fomu kwa pesa taslimu.

La nne, msimdharau asiye na makaratasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mwenzenu wa Guatemala mnayekata naye nyama mstari mmoja kiwandani amelishika jembe miaka mingi, tena kodi hukatwa kwenye mshahara wake. Sisi tuliletwa kwa ndege na hati mkononi. Yeye alikuja kwa miguu. Tofauti hiyo isiwape kiburi. Msimchongee kwa sababu ya ugomvi wa nyumba au deni.

La tano ni kwenu mlioapishwa kuwa raia. Sheria ya hapa Iowa ilitungwa na wabunge waliochaguliwa, katika jengo lile la bunge la Des Moines lenye kuba la dhahabu, na milango yake iko wazi kwa umma. Nendeni mkakae kwenye vikao. Jiandikisheni, pigeni kura hata katika chaguzi ndogo ambazo watu huzipuuza. Waambieni wabunge wenu kwa adabu, na bila woga, kwamba mnataka mpaka ulindwe na mtu ahukumiwe kwa tendo lake. Wajibu huo mimi nimeutimiza kadiri nilivyoweza. Uliobaki ni wenu.

Nawabariki nyote, mlio na hati na msio nazo. Mungu awatunze, mtunzane.

Babu yenu.